Mkono Nyuma ya Pazia

Kwa miaka sita watu wa Bukavu waliamini kwamba hakuna fundi wa kukata herufi kumshinda Donatien, kuanzia Kadutu mpaka Nguba. Wakiona maandishi kwenye kioo cha duka la dawa, au majina kwenye milango ya malori, au namba za vyumba vya hoteli, walisema: yule bwana ana mkono. Donatien naye aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyependa kusifiwa, akaitia mikono yake kwenye mifuko ya koti lake la abakosti. Mikono hiyo haikuwahi kukata hata herufi moja.

Aliyekata alikuwa mke wake, na alikata nyuma ya pazia.

Kwenye karatasi za serikali aliandikwa M'Bisimwa tu, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani na kanisani alibaki Euphrasie. Alizaliwa Nyangezi. Masista walimfundisha kudarizi herufi kwenye mashuka, akaichukia sindano lakini akazipenda herufi. Donatien alipomuoa alikuwa dereva wa lori la mchele, anashuka Luberizi tupu na kupanda Bukavu amejaza. Siku moja alirudi na roli ya plastiki nyekundu iliyotoka Bujumbura. Upande mmoja uling'aa. Upande wa pili ulikuwa na gundi iliyofunikwa kwa karatasi. Alitaka kuiuza vipandevipande kwa watu wa kufunika meza. Kipande kilichobaki Euphrasie alikikata kwa wembe, akatoa neno KARIBU, akalibandika mlangoni kwao.

Juma halijaisha, jirani mwenye kinu cha unga akasimama mbele ya mlango ule.

"Nani alikukatia hii?" alimuuliza Donatien.

"Ni miye."

Euphrasie alisikia kutoka jikoni. Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Donatien aliacha lori, akapanga chumba kimoja kwenye barabara inayoteremka sokoni Kadutu, akatundika pazia la kitenge katikati. Mbele aliweka meza ya wateja na viti viwili. Nyuma aliweka meza ndefu, roli za plastiki, nyembe, na ubapa wa chuma uliokatwa kutoka kwenye springi ya lori, ambao Euphrasie aliutumia kama rula.

"Batu bakiona ni mwanamuke njo anakata, batasema ni michezo," Donatien alimwambia. "Weye kata, miye niseme. Si ni nyumba moja?"

Euphrasie alikubali. Kusema kweli, alipapenda pale nyuma. Kazi ya kioo hubandikwa kwa ndani, na herufi lazima zikatwe kinyume ili mtu wa nje azisome sawasawa. Mafundi wengine wangechora kwanza, wakageuza karatasi, wakaishika dirishani wapate kuona. Euphrasie aliangalia ukuta kidogo, kisha akakata. Alikuwa anazika huzuni zake huko pia. Alikuwa amezaa mara mbili, na mara mbili alikuwa amesindikiza jeneza dogo, na alipokuwa anazungusha wembe kwenye herufi hakuwa anafikiri kitu kingine.

Kazi ikakua. Donatien akanunua viatu vya kung'aa, kisha pikapu. Watu wakaanza kumwita patron, bwana mkubwa. Akawa anakula huko aliko, harudi mchana, na akirudi jioni anauliza tu: imeisha?

Siku moja alileta roli ndogo ya rangi ya dhahabu. Euphrasie hakuwahi kuona plastiki nyembamba vile, ukiipumulia inajikunja.

"Andika BOUTIQUE NABINTU. Ya kioo. Na ua huku na huku."

"Ni ya nani?"

"Mujane mumoja wa Nguba. Anaomba ikuwe nzuri kupita zote."

Akamhurumia mjane huyo. Alikata kwa siku tatu, na maua akayatengeneza kwa petali sita kila moja, ingawa Donatien hakutaja petali. Tatizo lilikuwa kubandika. Siku zote Donatien ndiye aliyekwenda kwa wateja na kubandika, kwa kuwa plastiki ya kawaida inavumilia vidole vizito. Alijaribu herufi moja ya dhahabu kwenye dirisha la nyumbani, ikachanika. Euphrasie akakata nyingine. Ikachanika tena.

"Vaa nguo ya kazi," Donatien alisema hatimaye. "Tunaenda pamoja."

Duka lilikuwa Nyawera, kwenye barabara kubwa, kioo kikubwa kipya, ndani vitenge na viatu vya wanawake vimepangwa kwa rangi. Mwenye duka alitoka kuwapokea. Hakuwa mjane. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, mrembo, mimba ya miezi saba.

"Papa Donat!" alisema kwa furaha. "Njo fundi wako huyu?"

"Ni mufanyakazi wangu," Donatien alijibu. "Anajua kubandika."

"Anaitwa nani?"

"Umwite tu maman."

Euphrasie alikuwa ameshika ndoo ya maji ya sabuni. Alimwangalia mume wake, akangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu chake.

"Karibu, maman," msichana alisema. "Miye Adèle. Adèle Nabintu. Ila tafadhali usimwage maji juu ya vitenge."

Kubandika dhahabu kunataka kioo kilichopakwa maji ya sabuni, ili herufi iweze kusogezwa kabla haijashika. Euphrasie aliloweka kitambaa, akapaka kioo, akabandua karatasi ya B, akaiweka. Nyuma yake Adèle alitoa sauti ndogo.

"Papa Donat, lete mukono. Mutoto anacheza."

Kwenye kioo kilicholowa Euphrasie aliwaona wote wawili. Adèle alichukua mkono wa Donatien, akauweka kwenye tumbo. Donatien hakuuondoa. Alimtazama mke wake kupitia kioo, juu ya bega la msichana, akamwonyesha kwa kidevu: endelea.

Akaendelea. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumwaga ndoo ile, kwa nini hakupiga kelele katikati ya Nyawera, watu wote wajue. Labda ni kwa sababu plastiki ile ukiiacha njiani inajikunja na kuharibika, na mikono yake haikuwa imezoea kuharibu. Alibandika herufi zote kumi na tano. Alibandika na maua. Watu waliokuwa wanapita walisimama upande wa nje kusoma, na mzee mmoja akamshika Donatien mkono kumpongeza.

Walipomaliza, Adèle alimpa Euphrasie soda na kipande cha mkate, akamwekea kiti kibarazani.

"Aksanti, maman. Unasaidiaka sana bwana yangu," alisema. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo Euphrasie aliloshindwa kulimeza.

Ndani ya pikapu walipita mteremko wote. Kisha Euphrasie akauliza:

"Tangu wakati gani?"

"Mwaka na nusu."

"Na uliniita mufanyakazi."

"Ulitaka nikuite nani mbele yake? Anajuaka muke wangu iko Nyangezi, mugonjwa." Donatien alibadilisha gia. "Sikiliza. Miaka kumi na moja niko na weye. Nilikufukuza? Nilikupiga hata siku moja? Mwanaume mwingine angekurudisha kwenu zamani. Nataka mutoto, ni ile tu."

"Nilikuzalia wawili."

"Ulinizikisha wawili. Kuzika haiko kuzaa."

Alisema bila hasira, macho yakiwa barabarani, akapiga honi kumfukuza mbuzi.

Kesho yake asubuhi Euphrasie alipanda gari la kwenda Nyangezi kwa kaka yake Alphonse, mkubwa wa ukoo tangu baba yao afariki. Alphonse alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anamenya muhogo, na hakuacha kumenya.

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana, yaya Alphonse. Lakini ananikatisha herufi za—"

"Basi rudia, mulongo wangu. Ng'ombe za mahari yako njo nilioa nazo muke wangu Monique. Niende kuzitoa wapi?" Akamwonyesha muhogo kwa kisu. "Kula kwanza, halafu urudi mapema, mvua inakuya."

Akarudi. Siku chache baadaye alikwenda ofisi ya serikali kuuliza kama anaweza kufungua chumba chake mwenyewe cha kazi, kwa jina lake. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mwanamke aliyeolewa huleta kwanza ruhusa iliyosainiwa na mume. Euphrasie akamshukuru, akatoka, akarudi nyuma ya pazia, kwa kuwa kulikuwa na kazi ya malori mawili inayongoja.

Siku hizo Donatien alishinda Nyawera. Meza ya mbele ilibaki tupu. Ndipo alipokuja Polycarpe, mwenye mabasi yanayokwenda Kavumu na mbele zaidi, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza chumba. Alipiga makofi, akaita, mpaka Euphrasie akatoka, wembe mkononi, vipande vya plastiki nyeupe vimeshikamana na vidole vyake.

"Patron iko wapi?"

"Hayuko."

"Nitarudia basi. Kioo ya mbele ya basi inataka maneno, na inatoka kesho. Ni yeye tu anaweza."

Angeweza kumwacha aende. Kwa miaka sita alikuwa amewaacha waende.

"Ni maneno gani?" aliuliza.

"SAFARI NJEMA. Ya ndani ya kioo, isomeke inje."

Euphrasie alivuta kipande cha plastiki, akakiweka pale pale kwenye meza ya wateja, mahali ambapo hakuwahi kukata. Hakuchora. Alianza na A ya mwisho, akarudi nyuma mpaka S, zote kinyume, urefu mmoja, wembe hauinuki isipokuwa mwisho wa herufi. Polycarpe alikaa bila kualikwa.

"Kumbe fundi njo weye," alisema hatimaye.

"Njo miye."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Polycarpe alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Hakuwa na ubaya moyoni, lakini alikuwa na mdomo. Jumapili, baada ya misa, Kadutu nzima ilikuwa inajua. Mchana ule kwenye baa walimwekea Donatien karatasi na wembe mezani, wakamwomba awakatie O moja tu, wapate kuona mkono maarufu. Alikataa. Wakampigia meza kwa wimbo, o, o, o. Akajaribu. O yake ilitoka kama yai lililokanyagwa. Wakaibandika kwa bia ukutani, wakamnunulia chupa, wakampigapiga mgongoni. Hakuna aliyemtukana. Walimcheka tu, kama ndugu.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Donatien aliingia dukani, akafunga mlango kwa komeo. Nje watu walikuwa wanashuka sokoni na vikapu vyao. Sauti zao zilisikika wazi. Alipita nyuma ya pazia. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa abakosti safi.

"Lete mukono," alisema.

Euphrasie alidhani anataka kuona jeraha dogo la wembe alilokuwa nalo kidoleni. Akampa mkono wa kuume. Donatien aliulaza juu ya meza, akavinyoosha vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa. Kisha akachukua ubapa wa chuma cha springi na kupiga. Alipiga mara tatu, akitafuta kila mara mahali ambapo hajapiga.

"Sasa tuko sawasawa," alisema.

Akamfunga mkono kwa kipande cha kitenge, akampakia kwenye pikapu, akampeleka hospitali mwenyewe.

Daktari aliuliza nini kimetokea. Donatien alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Mulango ya gari," alisema. "Ni kosa yangu, docteur. Nilifunga bila kuangalia."

Daktari akamgeukia Euphrasie. Euphrasie alifikiri juu ya muhogo wa Alphonse, na karani, na komeo la mlango. Akatikisa kichwa kukubali. Kwa majuma matatu Donatien alikuja kila siku na machungwa, akammenyea mke wake yeye mwenyewe, akampa kipande kwa kipande mdomoni. Wauguzi walisema, maman, umepata bwana, Mungu akulindie.

Polycarpe naye alikuja kumwona mara moja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mikononi, sauti yake imekuwa ndogo. Euphrasie alimwambia ukweli, neno kwa neno.

"Maman," Polycarpe alisema, "mambo ya nyumba ya batu, sitaki kuingia." Akaacha sukari kilo moja juu ya shuka, akaenda.

Mkono ulipona vibaya. Vidole viwili vilibaki vimenyooka kama vijiti, na kidole gumba hakikuweza tena kukutana na cha shahada. Kushika kikombe aliweza. Kushika wembe, hapana.

Donatien hakuwa amefikiri mpaka huko. Alikuwa amefikiri mpaka Jumatatu ile tu. Sasa wateja walikuja na yeye hana cha kuwapa. Alijaribu kukata jina la lori, akaharibu nusu ya roli. Alijaribu mlango wa duka, mwenye duka akamrudishia vipande ndani ya gazeti. Watu wakaenda kwa wapaka rangi. Pikapu iliuzwa. Duka la Nyawera, ambalo lilikula kutoka kwenye herufi za Euphrasie, lilifungwa kabla ya Pasaka, na mpangaji mpya akakwangua dhahabu yote kwa kisu cha jikoni, akaweka pazia.

Adèle alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Donatien akamleta Kadutu, yeye na mtoto na mabegi mawili, akamwingiza chumbani kwa Euphrasie.

"Huyu iko na mikono," alimwambia Euphrasie. "Utamufundisha. Nawapa siku kumi."

Hapo ndipo Adèle alipomtambua. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akamtazama yule maman wa ndoo, na kitanda cha ndoa nyuma yake, na picha ya harusi ukutani. Kisha akauona ule mkono. Hakuna aliyemweleza kitu. Uso wake ulionyesha kwamba ameelewa vyote.

Kwa siku tisa walikaa pamoja nyuma ya pazia. Euphrasie alimwonyesha jinsi ya kufungua roli, jinsi ya kubandua karatasi, jinsi ya kukata I na L na T. Alisema yale ambayo hayawezi kukwepwa na hakuongeza neno. Adèle alifanya kazi mtoto akinyonya, akilia, akilala. Alikuwa na bidii. Vidole vyake vilijaa mikato, na alama za damu zilibaki kwenye plastiki nyeupe. Herufi zilizonyooka zilianza kutoka. Lakini S ilimshinda, na O, na B, na G. Wembe ulifika kwenye kona ukachana, kila mara mahali pale pale.

Siku ya tisa, mchana, aliweka wembe chini.

"Maman Euphrasie. Aliniambia ulikuwa mugonjwa, uko Nyangezi. Sikujua. Naapa kwa huyu mutoto."

"Najua haukujua."

"Unisamehe."

Euphrasie aliokota vipande vilivyochanika sakafuni.

"Nionyeshe S. Mara moja tu." Adèle alianza kulia bila sauti, akiogopa kuamsha mtoto. "Alisema nikishindwa kesho, atanifanya vile alikufanya. Alisema hivyo akiwa anakula. Hata hakuacha kula."

Siri ya S ni ndogo. Unashikilia wembe mahali pamoja na kuizungusha plastiki. Mkono unaokata hautembei. Basi. Mtu akiambiwa hivyo, kabla ya jioni anakata S, na O, na zote. Euphrasie alikuwa na sentensi hiyo mdomoni, tayari. Alimwangalia msichana, macho mekundu, maziwa yamelowesha blauzi. Alimwamini. Hata hakumchukia; kama angekuwa na mdogo wake wa kike, angeweza kuwa hivi. Kisha akaangalia mkono wa kuume wa Adèle uliolala juu ya meza, vidole vitano, vinakunjika vyote. Kitu kikagoma ndani yake, kikagoma kabisa, kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Hata miye hakuna mutu alinifundisha," alisema.

Akainuka, akapita pazia, akachukua kitenge chake na sahani mbili, akatoka. Nyuma yake alisikia mtoto ameamka. Hakugeuka. Alishuka mpaka kituoni, akapanda gari la kwanza lenye nafasi, na gari hilo lilikuwa linakwenda Kavumu.

Huko Kavumu alipanga chumba kwa mjane mmoja, akaanza kuuza maharagwe yaliyopikwa kando ya barabara, mahali magari yanaposimama. Alichota kwa mkono wa kushoto. Wateja walimzoea upesi. Ndugu zake hawakumtafuta. Donatien hakumtafuta. Baada ya mwaka alisikia kwamba chumba cha Kadutu kimepangishwa kwa fundi wa redio na Donatien amerudi kwenye malori ya mchele, kwa mwajiri mwingine.

Abiria wa Bukavu walikuwa wanajua habari za kila mtu, na walipenda kuzisimulia sahani ikiwa mkononi. Euphrasie aliwauliza bei ya mafuta, mvua, nani amekufa Kadutu, nani ameoa. Habari za Adèle hakuwahi kuuliza. Mama mmoja aliyeishi nyumba ya tatu kutoka dukani kwao alipita kila Alhamisi akienda kwa bintiye, na mara moja, akirudisha sahani, alianza kusema: "Na yule musichana, Adèle, wa bwana yako wa zamani—"

"Niongeze maharagwe?" Euphrasie alimkatiza.

Mama yule alimtazama kidogo, akasema hapana, ameshiba. Kondakta akaita. Mama akapanda, gari likaondoka, na Euphrasie akainama kuosha sahani.